Maboksi ya povu ya kumwagia zege: tumejenga nyumba ya nesi Mtwara kwa kujitolea, maoni yangu bila kuficha

Nianze na jibu ili asiye na muda aendelee na shughuli zake. Haya maboksi ya povu wanayoyaita ICF ni mali kweli, sio utapeli. Ukuta unaotoka humo ni mgumu, umenyooka, haupitishi joto la jua, na watu ambao hawajawahi kushika mwiko wanaweza kuupanga mpaka juu. Ila kwa nyumba ya kawaida ya huku kwetu, vyumba viwili na sebule, feni moja inazunguka ikijisikia, mi hela yangu singeiweka huko. Ingekuwa nyumba ya kufunga AC hapo tungeongea vingine. Bidhaa yenyewe naipa nyota tatu na nusu kati ya tano, muuzaji tuliyempata nampa moja, na hiyo moja ni kwa sababu mzigo ulifika.

Tuliyojenga ni nyumba ya nesi wa zahanati, kijiji kimoja cha Mtwara Vijijini upande wa barabara ya Msimbati, kwa nguvu za wananchi. Kuna mwenyeji wetu anaishi nje, yeye ndo alikuja na wazo na akalipia maboksi, kijiji kikatoa kiwanja, mchanga, maji na mikono. Mi nlikuwa kwenye kamati ya ujenzi, kazi yangu stoo na daftari, nani kaja nani hajaja, mfuko gani umetoka umeenda wapi, kwa hiyo kila simenti imepita kwenye kalamu yangu na kila lawama imepita masikioni kwangu.

Kwa ambao hawajaiona hii kitu. Unalijua lile povu jeupe gumu linalokuja na TV ndani ya boksi? Ndo hilohilo. Ni mabamba mawili ya hilo povu, kila moja unene wa sentimita 6 na kidogo, yamesimama sambamba, yameshikwa na vishikio vya plastiki, na katikati kuna uwazi wa sentimita 15. Yapo ya uwazi wa 10 na ya 20 pia. Boksi moja urefu ni kama sentimita 120 na kimo 40, na linabebwa na mtoto wa darasa la tano kwa mkono mmoja huku mkono wa pili kashika embe. Juu na chini lina meno, unaliweka juu ya mwenzake unaligonga kwa kiganja linakaa. Unapanga mistari, unapitisha nondo za kulala na za kusimama, unaacha nafasi za milango na madirisha, halafu unamwaga zege humo ndani. Boksi la mbao ungelivua zege likikauka, hili halivuliwi, linabaki hapohapo maisha yake yote, povu nje, povu ndani, zege katikati.

Wapo waliokuwa wanasema tunafanyiwa majaribio, eti kitu kipya. Mkandarasi mmoja wa Kanada, Werner Gregori, aliomba hataza ya boksi la povu la kumwagia zege mwaka 1966, na boksi lake lilikuwa inchi 48 kwa 16, yani karibu vipimo hivihivi vya leo. Kwa hiyo upya wake ni kwetu tu. Na usichanganye na zile paneli za povu ambazo shirika la nyumba la taifa Kenya linatengeneza kiwandani kwake Mavoko, zile ni kinyume, povu liko katikati, wavu wa chuma pande mbili, halafu mchanganyiko wa simenti unapigwa kwa nje. Kuna jamaa aliniletea picha za zile akidai ndo hizi akataka tubishane, nikamwambia kaka njoo saiti.

Sasa hili la kujitolea. Mfadhili wetu wazo alilitoa kwa Habitat for Humanity, lile shirika lililoanzishwa Americus, Georgia, mwaka 1976 na Millard Fuller na mke wake Linda, baada ya kukaa miaka mitatu Zaire wakijenga nyumba. Utaratibu wao ni kwamba mwenye nyumba anaweka jasho lake na watu wanakuja kumsaidia, hata Jimmy Carter alikuwa anashika nyundo kwao tangu 1984. Na matawi yao kadhaa kule Marekani yamejenga nyumba za ICF na watu wa kujitolea, walimu, wastaafu, wanafunzi, watu ambao siku ya kawaida hawajui pima maji inasomwaje. Kwa upande huo nakubali kabisa, wamepatia. Kazi ya tofali ina ufundi wake, mtu akikosea mstari wa tatu ukuta wote unalala, na kijiji chenye fundi mmoja na watu arobaini wa kujitolea, hao arobaini wote wanaishia kubeba maji na kumtazama fundi. Kwenye maboksi haya kila mtu alikuwa na kazi. Kina mama walikuwa wanapanga, mabinti wa sekondari wanapitisha nondo na kufunga kwa bindingi waya, wazee wamekaa chini ya mkorosho wanakata vipande kwa msumeno wa mbao. Kuna mama mmoja muuza samaki yeye ndo akawa bingwa wa kona, fundi mkuu mwenyewe akawa anamuita, "Mama, hebu njoo unipe jicho hapa." Ukuta ulipanda haraka mpaka mwenyekiti wa kijiji akadhani tumeruka hatua.

Ujue tu zile punje. Ukikata povu kwa msumeno linatoa vipunje vyeupe, na sisi tulikuwa tunajenga wakati wa kusi, upepo unatoka baharini bila adabu. Vilienda hadi kwenye mikorosho, kuku wanadonoa, vingine naamini viko Lindi sasa hivi. Nchi imepiga marufuku mifuko ya plastiki tangu Juni 2019, halafu sisi tukamwaga theluji ya plastiki kijiji kizima. Dawa yake ni kukata kwa waya wa moto, unaunganisha kwenye betri ya gari, povu linayeyuka kwenye mstari bila punje hata moja. Muuzaji anazo hizo waya, hakutuambia mpaka nusu ya ukuta imesimama.

Na hapo ndo nimfikie muuzaji. Simtaji jina, yuko Dar, anayemjua anamjua. Oda ilikuwa na maboksi ya mstari na maboksi ya kona, maana kona zina boksi lake maalum limetengenezwa zima. Fuso likafika usiku, asubuhi tunahesabu, kona pungufu karibu nusu, na mahali pake kaweka ya mstari ya ziada. Tunapiga simu, "Kateni hayohayo muunganishe na gundi, mbona wengi wanafanya." Risiti inaonyesha kona. Hela ya tofauti mpaka leo ni "wiki ijayo mkuu." Na usafiri ndo usiseme. Povu hili asilimia 98 ni hewa, fuso limejaa mpaka turubai linapasuka lakini ukiweka kwenye mizani hakuna kitu, na kutoka Dar mpaka Mtwara ni zaidi ya kilomita 550, kwa hiyo unalipa dizeli ya gari zima kusafirisha hewa. Mtu wa Kigamboni akikwambia bei ya maboksi ni nafuu mkubalie, yuko nayo karibu.

Haya, siku ya zege. Hapa nitakaa kidogo maana ndo mahali ambapo maelezo yote ya wauzaji yanapita juujuu.

Zege bichi lina uzito wa karibu kilo 2,400 kwa mita moja ya ujazo. Ukuta wa mita 3 ukiujaza kwa mkupuo mmoja, kule chini linasukuma kwa zaidi ya tani 7 kila mita moja ya mraba, na kinachozuia ni povu na vijiti vya plastiki. Ndo maana utaratibu ni kuzunguka nyumba nzima kwa kimo cha mita moja hivi, unarudi ulipoanzia ukikuta la chini limeanza kushika unaongeza mita nyingine, mpaka juu. Na upande wa ndani kuna mirunda na mbao zimeegemezwa zimepigwa uzi, mtu mmoja hana kazi nyingine ila kuangalia timazi na kupiga kelele. Watu wa kujitolea wana shida moja, wana moyo. Wanataka kumaliza. Wameshaona ukuta umepanda kirahisi wanadhani na zege ni hivyohivyo, ndoo zinapanda kwenye jukwaa mkono kwa mkono, nyimbo zimepamba moto, mtu akiambiwa subiri anaona umemkatisha stimu.

Tukafika chini ya dirisha la chumba cha nesi, karibu na kona mojawapo ile iliyoungwa kwa gundi. Kwanza povu likalia, sauti nyembamba ya kukwaruza, halafu ukuta ukatoa kitambi. Fundi mkuu alikuwa upande wa pili wa nyumba lakini ile sauti aliisikia kabla ya aliyekuwa amesimama hapo, "Acheni! Acheni kumwaga!" na kabla neno la pili halijaisha kona ikafunguka, zege likatoka likamwagika kwenye miguu ya vijana. Hakuna aliyeumia. Ila nlichokipenda ni kwamba jamaa alikuwa amejiandaa, vipande vya plaiwudi na skrubu ndefu viko tayari kwenye ndoo, wakachota zege lililoganda mdomoni, wakarudisha povu, wakapiga plaiwudi juu yake skrubu zikaingia kwenye vile vishikio vya plastiki, mrunda ukaegemezwa, kazi ikaendelea upande mwingine kwanza ili pale papate muda. Karai kwa karai lile lililomwagika likarudishwa juu kabla halijakauka. Kama pale angekuwepo fundi maiko wa kubangaiza tungelala na kifusi.

Kwa hiyo anayesema ICF haihitaji fundi anakudanganya. Kupanga haihitaji. Siku ya zege inahitaji mtu ambaye ameshafanya, na anayesikilizwa, na watu wachache kuliko wanaotaka kuja. Sisi tungewapa nusu ya wale vijana kazi ya kupika.

Kitu kingine cha siku hiyo ni kokoto. Ndani mle kuna nondo na vishikio, nafasi ni finyu, kokoto za robo tatu ya inchi zinakwama zinajenga daraja na chini yake panabaki tupu. Zinatakiwa ndogo, zisizidi nusu inchi, na zege liwe la kutembea kidogo, sio ugali, ila pia sio uji. Huku kwetu pwani mawe tuliyonayo ni ya matumbawe, mepesi, kokoto ngumu tulizifuata upande wa Masasi kwenye ile milima ya mawe, karibu kilomita 200. Na mchanga wa pwani usiguse hata kama uko mlangoni, chumvi yake inakula nondo. Ubaya wa boksi hili ni kwamba huoni ulichokifanya. Boksi la mbao ukivua unaona matundu unaziba, hapa povu limefunika kila kitu. Unachofanya ni kutumia vibreta nyembamba ile ya kidole, na zege likishika unapita unagonga kwa nyundo ukisikiliza. Tulipopita kugonga, chini ya dirisha moja pakaitika tofauti, tukakata kidirisha kwenye povu, kweli mkono unaingia. Pakajazwa, povu likarudishwa. Sasa jiulize nyumba ambazo hakuna aliyepita kugonga.

Simenti inaliwa, nisikufiche. Chukua nyumba ya mita 10 kwa 8, ukuta wa nje mita 3, ukitoa milango na madirisha unabaki na kama mita za mraba 90. Kwa uwazi wa sentimita 15 hiyo ni zege mita za ujazo 13 na nusu, na kwa mchanganyiko wa moja mbili nne (simenti, mchanga, kokoto) ni mifuko themanini na ushee. Ukuta huohuo kwa bloku za inchi 6, tofali kama 900, mfuko mmoja ukitoa 30 au 35, ukiongeza na ya kujengea, unaongelea mifuko thelathini na kitu mpaka arobaini. Bado nondo, ambazo kwenye bloku unaziweka kwenye lenta tu na huku zinapita ukuta mzima. Wanasema Mtwara simenti si tatizo, kiwanda cha Dangote kiko pale Msijute tangu 2015, uwezo wa tani milioni 3 kwa mwaka, ni kweli hatuisubiri kutoka Dar kama zamani. Lakini kuwa jirani na kiwanda haimaanishi unapewa bure, muulize yeyote aliyejenga hapa Naliendele.

Sasa joto, maana ndo kilichouzwa hapa, "nyumba inayookoa umeme."

Ukuta unafanya kazi. Povu linapitisha joto kidogo mno ukilinganisha na zege, tofauti ni karibu mara 40. Nyumba ya jirani ya bloku, ukuta wa magharibi ukiuwekea kiganja saa mbili usiku bado una moto wa mchana, unakulipa jua ulilolisahau. Ukuta wa nesi muda huohuo wala hauna habari. Hilo nimelishika kwa mkono wangu na yeyote aje ashike.

Ila nesi alipohamia mwezi wa kumi kabla dari halijafungwa, bati tupu juu, nlimuuliza vipi dada, ukuta wa Ulaya? Akanijibu, "Kaka, ukuta mzuri, ila usingizi hamna." Na ni lazima iwe hivyo. Sisi tuko nyuzi 10 kusini mwa ikweta, jua linapita utosini mara mbili kwa mwaka, Oktoba na Februari, na Oktoba mvua bado hazijaja. Jua la utosini halipigi ukuta, linapiga bati. Joto linashuka kutoka juu, likishaingia kwenye nyumba iliyofungwa povu pande zote halina pa kutokea, na lile zege zito lililoko ndani ya ukuta ambalo lingeweza kulinyonya kidogo nalo limefunikwa povu, haligusani na chumba. Tulipofunga dari la jipsam na kutandika mabaki ya povu juu yake, tukatoboa matundu ya hewa kwenye ukuta wa pembetatu juu huku na huku, nesi mwenyewe akaja ofisini kushukuru. Mabadiliko makubwa kuliko yote niliyoyaona kwenye nyumba ile yaliletwa na dari, na dari hilo ungeliweka kwenye nyumba ya tofali za kawaida kwa hela ndogo sana.

Halafu umeme. Huwezi kuokoa umeme ambao hutumii. Kwa wenzetu wa nchi za baridi nyumba inakula nishati mwaka mzima kwa kupasha joto, ukiwafungia povu wanaona tofauti kwenye bili mwezi wa kwanza. Huku mtu mwenye taa tano, feni na friji, ukuta wake uwe wa povu uwe wa udongo na fito, luku inasoma vilevile. Mfadhili akaja kumfungia nesi kiyoyozi kidogo cha BTU 9,000 chumba cha kulala, na hapo ndo nikaanza kuielewa hii bidhaa. Mashine ya namna hiyo kompresa ikiwa inafanya kazi inavuta karibu wati 800, kwenye chumba cha bloku chini ya bati hailali usiku kucha, na ukishavuka uniti 75 kwa mwezi unatolewa kwenye ile tarifu nafuu ya watumiaji wadogo, uniti inapanda bei mpaka unaanza kuzima AC kwa hasira. Kwa nesi inafika baridi iliyowekwa, inanyamaza, inakaa kimya muda mrefu ndo inaguna tena. Umeme ukikatika, na huku kukatika tunakujua, chumba kinabaki na ubaridi wake mpaka mtu anapitiwa na usingizi. Chumba changu mimi umeme ukikatika saa nne, saa nne na nusu niko barazani na mkeka.

Ila nyumba inayobana hewa ina masharti. Jiko la mkaa ndani marufuku kabisa, kwenye nyumba zetu za kawaida moshi na ile hewa mbaya vinatokea kwenye matundu ya chini ya bati, hapa havitokei, watu watalala wasiamke. Nesi analijua hilo kwa kazi yake, wageni wake inabidi waambiwe. Na masika nguo kabatini zinashika ukungu usipofungua madirisha mchana.

Mengine nayapitisha haraka. Plasta haishiki kwenye povu laini, fundi wa kwanza alipiga asubuhi jioni iko chini, inatakiwa ukwaruze povu kwanza, ufunge wavu wa nyuzi na skrubu zenye washa, ndo upige. Usiache povu wazi juani kwa miezi ukisubiri hela ya korosho, linageuka njano na kuanza kutoa vumbi. Kwa ndani ni lazima ufunike, jipsam ya milimita 12 au plasta, sababu ni moto, povu likiungua linayeyuka na moshi wake haufai. Waya za umeme zipite kwenye bomba, zisigusane na povu moja kwa moja, maana ganda la waya likikaa na povu muda mrefu linakakamaa na kupasuka. Njia zake lakini ni raha, fundi umeme anachora kwa kisu cha moto, hakuna kugonga tindo siku nzima. Ukitaka kutundika kabati tafuta vishikio vya plastiki vilipo ndo upige skrubu, ukipiga kwenye povu tupu kabati utalikuta sakafuni.

Mchwa ndo adui ambaye muuzaji alicheka nlipomuuliza, "Mchwa hawali povu." Ni kweli hawali. Wanatoboa njia ndani yake wanapanda kimyakimya mpaka kwenye kenchi na huwaoni, kwa sababu njia zao ziko ndani ya ukuta, sio kwa nje ambako ungezikwangua. Huko Marekani kwenyewe majimbo ya kusini mashariki yenye mchwa wengi wana kanuni za kuzuia povu lisigusane na ardhi. Sisi tuliacha mkanda wa zege tupu kama shubiri moja juu ya ardhi kuzunguka nyumba nzima, mchwa akitaka kupita lazima ajenge njia yake hadharani, na udongo tukapiga dawa. Kichuguu kiko hatua chache nyuma ya choo kwa hiyo hatukuwa na namna ya kujifanya hatujui.

Nguvu ya ukuta ndo sifa ambayo watu hawaiongelei na mi naiweka juu. Zege zima lenye nondo kuanzia msingi mpaka mtambaa panya. Wazee wa Lindi bado wanasimulia kimbunga cha Aprili 1952, Kenneth mwaka 2019 alipita kwa majirani zetu Cabo Delgado tukiwa tumeshaambiwa tujiandae, na Hidaya Mei 2024 akakata barabara pale Somanga tukakaa bila njia ya Dar. Ukuta huu upepo hauutikisi, kinachobaki ni bati, na kwa sababu nondo za kusimama zinatokeza juu ni rahisi kufunga kenchi nazo, fundi asisahau tu. Halafu kelele. Jirani ana spika za kukodisha kwenye vigodoro, singeli mpaka alfajiri, nesi akitoka zamu ya usiku analala mchana bila kujua kama mtaani kuna sherehe. Kwa hilo tu kuna watu wangelipa.

Kwa hiyo nani anunue? Mwenye gesti Shangani au Mikindani anayefunga AC kila chumba na kulipia luku ya wageni wanaoacha imewashwa wakienda ufukweni, huyo aifikirie kwa uzito. Mwenye chumba cha barafu cha samaki, stoo ya dawa na chanjo, studio, hao pia. Kikundi cha kujitolea chenye mfadhili wa maboksi na fundi wa zege anayeeleweka, ni njia nzuri ya watu wengi kushika kazi kwa pamoja. Lakini baba mwenye familia anayejenga kidogokidogo kila msimu wa korosho, tofali mia mwaka huu, mia mwaka kesho, hii sio yako, maana ukuta wa maboksi hausubiri, ukianza lazima umwage. Wewe panga bloku zako, weka baraza pana upande wa magharibi, madirisha yatazamane ili kusi ipite, na hela uliyotaka kumpa mtu wa povu kaifunge kwenye dari.

Kama utaagiza, hesabu kona kabla dereva hajashusha na usisaini chochote usiku. Dai waya ya kukatia ije na mzigo. Baki ya hela usilipe mpaka siku ya zege ipite, na kama muuzaji ana fundi wake aje naye asimame pale jukwaani siku hiyo, nauli na malazi mkubaliane mapema kwa maandishi. Sisi yametubakia maboksi ya mstari mengi tu stoo, yale ya ziada ambayo hatukuyaagiza, anayeyahitaji kwa dari aje aonane na kamati, ila kona usiulize.